Mwandishi wa Matangazo na Siku ya Mwisho

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka.)



Barua ya Kamati iliniomba niseme machache juu ya kazi yangu, na hasa namna mtu anavyoweza kuimudu kazi yenye haraka nyingi bila ya kuharibu afya yake. Barua hiyo ilinitaka nijibu ndani ya siku tatu, na hotuba iwe tayari juma linalofuata. Nikaona Kamati imenipa mada pamoja na mfano wake.

Mimi ni mtumishi wa Serikali katika kitengo cha habari, na kazi yangu ni kuandika matangazo. Msinichanganye na mtangazaji. Mtangazaji ni yule mnayemsikia sauti yake redioni; mimi ni yule aliyeyaandika maneno kabla ya yeye kuyasoma. Tangazo la chanjo ya watoto, bango la barabarani lenye maneno saba, ujumbe wa simu usiozidi herufi 160, kipande cha redio cha sekunde 30. Hayo ndiyo mashamba yangu. Kabla ya kuingia Serikalini, nilipotoka Chuo Kikuu, nilifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka kadhaa katika kampuni moja ya matangazo mjini Dar es Salaam, nikiandika habari za sabuni, rangi za nyumba na vocha za simu. Sabuni na chanjo ni vitu mbalimbali, lakini maumivu ya mwandishi ni yale yale.

Maumivu hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye saa. Ikiwa nafasi ya redio imelipiwa kwa saa 1:55 usiku, kabla ya taarifa ya habari ya saa 2, basi ni saa 1:55 na si vinginevyo. Redio haimsubiri mtu. Gazeti nalo likishafunga kurasa zake, tangazo lako lililo zuri kupita yote linabaki mezani kwako.

Lakini tazameni jinsi muda wenyewe unavyoliwa. Jambo linaingia masijala siku ya Jumatatu. Jalada linalala mezani kwa mkubwa mmoja, dokezo linapanda kwa mwingine, linashuka, linapanda tena. Siku ya Alhamisi, saa 8 mchana, linamfikia mwandishi likiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: LEO LEO. Katika kampuni mambo ni hayo hayo, ila huko ni mteja anayebadili nia yake Ijumaa jioni. Wote waliotangulia wametumia muda wao kwa starehe. Mwandishi aliye wa mwisho katika mstari ndiye anayedaiwa upesi na akili kwa pamoja.

Hapo ndipo unapoanza ule tunaouita msongo. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja aliyeitwa Hans Selye, akifanya kazi Montreal, nchini Kanada, alieleza kwamba mwili hujibu taabu za namna nyingi kwa njia inayofanana. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakimbia. Jambo hilo lina manufaa makubwa kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Ubaya ni kwamba mwandishi hakimbii popote. Ameketi kitini, na nyati wake anarudi kila Alhamisi saa 8 mchana. Mwili ulioumbwa kupambana kwa dakika chache unapambana kwa miaka.

Ndugu zangu, nimekaa katika kazi hii karibu miaka 20. Nimewaona waandishi wenye vipaji vikubwa wakianguka, na waandishi wa kawaida wakidumu. Nimejiuliza mara nyingi tofauti yao ni nini. Jibu nililolipata ni hili: waliodumu walisema, walioanguka walinyamaza. Siku ya mwisho peke yake haijamwangusha mtu. Kinachomwangusha ni kunyamaza wakati wa kupokea kazi, kunyamaza mbele ya karatasi tupu, kunyamaza muda unapopungua, na kunyamaza mwili unapolalamika. Nitayaeleza manne hayo moja moja.

La kwanza ni kupokea kazi. Kijana aliyeajiriwa jana anaogopa kuonekana hajui. Akipewa kazi anajibu, "Sawa, Mzee," kisha anarudi mezani kwake akiwa hajui anachotakiwa kuandika. Kuuliza si ujinga. Dakika kumi za maswali huokoa saa tano za kuandika na kufuta. Mimi huuliza mambo sita. Nani atalisoma tangazo hili? Tunataka afanye nini akishalisoma? Kwa nini hajafanya hivyo mpaka sasa? Kama atakumbuka jambo moja tu, liwe lipi? Nani mwenye neno la mwisho la kulipitisha? Na hiyo "Ijumaa" inayosemwa ni Ijumaa ya saa ngapi?

Nitatoa mfano. Ofisi moja iliagizwa kuandika tangazo la kuwaelimisha akina mama wa wilaya moja juu ya umuhimu wa chanjo. Waandishi wawili wakashinda kutwa nzima wakieleza umuhimu, na rasimu nne zikakataliwa. Jasho likawatoka. Jioni, karani mmoja kijana akapiga simu kwa muuguzi wa zahanati na kumwuliza kwa nini akina mama hawaji. Muuguzi akajibu kwamba umuhimu wanaujua sana. Wasichokijua ni kwamba siku ya kliniki imehamishwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Tangazo likaandikwa kwa dakika kumi, likapita siku hiyo hiyo. Waandishi wale hawakukosa kipaji wala muda. Walikosa swali moja.

Hata mabingwa wa kazi hii walijua hivyo. David Ogilvy, ambaye tangazo lake la gari la Rolls-Royce la mwaka 1958 linasomwa hadi leo na wanafunzi wa fani hii, alieleza mwenyewe kwamba alitumia majuma matatu kusoma habari za gari hilo kabla ya kuandika. Sisi hatupewi majuma matatu. Lakini hata ukipewa saa tatu, saa ya kwanza iwe ya kusoma na kuuliza.

La pili ni karatasi tupu. Mwandishi anakaa mbele yake, siku hizi mbele ya kioo cha kompyuta, akingoja maneno mazuri. Maneno mazuri hayaji kwa mtu anayeyangoja. Dawa yake ni kuandika maneno mabaya. Andika rasimu mbovu katika saa ya kwanza, kama vile unamweleza shangazi yako jikoni, bila ya kutafuta madoido. Rasimu mbovu inarekebishika. Karatasi tupu hairekebishiki. Kisha isome kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama ndipo msikilizaji atakapokwama. Kisha mwonyeshe mwenzako mapema, kabla hujaipenda mno.

Hapa wanafunzi mnisikilize vizuri. Mwaka 1994 watafiti watatu huko Kanada walichapisha habari za wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Waliwauliza kila mmoja atamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikisia siku 34. Wakaambiwa wakisie tena, safari hii kama mambo yote yatakwenda vibaya kabisa. Wakakisia siku 49 hivi. Kwa kweli walitumia kama siku 55. Waliomaliza ndani ya muda waliojipangia hawakufika hata theluthi moja. Hao hawakuwa wavivu. Ni tabia ya binadamu kujikisia muda kama mtu asiyeugua, asiyefiwa, wala asiyekatikiwa na umeme. Kwa hiyo mimi hujiwekea siku yangu ya mwisho, ambayo huitangulia ile ya mkubwa kwa siku moja. Kama kazi ni ya saa chache, huitangulia kwa saa moja. Siku hiyo ya katikati imenisaidia kuliko kahawa yote niliyokunywa.

Kazi kubwa nayo igawanywe. Wazee wetu waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vidogo, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Katika siku zile hapakuwa na kompyuta wala simu ya mkononi. Iliwezekana kwa sababu kazi iligawanywa mapema: wengine waliandika vipindi, wengine vitabu, na viongozi wa vikundi kwa makumi ya maelfu walifundishwa kabla kipindi cha kwanza hakijasikika. Redio ilikuwa na saa yake, na saa hiyo iliwakuta tayari.

La tatu ni kusema muda unapopungua. Hili ni gumu kuliko yote mawili yaliyotangulia, kwa sababu linahitaji ujasiri mbele ya mkubwa. Kijana ana kazi tatu mezani, zote zinatakiwa saa 9 alasiri. Saa 4 asubuhi anajua moyoni kwamba hazitakamilika. Ananyamaza, anatumaini muujiza. Saa 9 inafika, mkubwa anapewa kazi moja iliyokamilika na mbili zilizovurugika, naye hana tena nafasi ya kufanya lolote. Kijana huyo hakuvunja kazi saa 9. Aliivunja saa 4 aliponyamaza.

Nawapa maneno ambayo mnaweza kuyatumia. Nenda kwa mkubwa wako mapema, kwa adabu, ukamwambie: "Mzee, nina kazi tatu za saa 9. Naweza kutoa mbili zilizo safi, au tatu zenye makosa. Naomba mwongozo wako, ipi ianze." Hujakataa kazi. Hujamlaumu mtu. Umempa mkubwa jambo analoweza kuliamua. Mara nyingi utaambiwa kwamba ile ya tatu inaweza kusubiri hadi kesho, na kwamba hata haikuwa na haraka.

Na ninyi kaka zetu ambao leo ni wakurugenzi, mameneja na wakuu wa idara, ruhusuni nami niwaambie neno kwa heshima. Kijana akija saa 4 kusema kwamba muda hautoshi, mnampokeaje? Mkimkaripia, hatarudi tena. Mara ya pili ataficha. Naijua ofisi moja, si ya kwangu, ambapo tangazo la siku ya huduma ya afya lilitoka na tarehe iliyokosewa. Aliyelisoma kwa mara ya mwisho alikuwa kazini tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, akaogopa kusema kwamba macho hayaoni tena. Wananchi wakafika zahanati na watoto mgongoni, wakakuta mlango umefungwa. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Makosa ya kazi yetu hayakai ofisini. Yanatembea mpaka kijijini. Mkubwa anayetisha huokoa dakika tano za maneno na kuwagharimu watu wengine siku nzima ya miguu.

La nne, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa, ni mwili. Katika ile kampuni yangu ya kwanza tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa na kalamu nyepesi kutushinda sote. Hakuwahi kusema "hapana". Kazi ya usiku, yeye. Kazi ya Jumapili, yeye. Kichwa kilimuuma kwa miezi, akanunua vidonge dukani na kuendelea. Tulipomwuliza alisema ni uchovu tu, utapita. Siku moja asubuhi mfagizi alimkuta chini kando ya meza yake. Alikuwa na shinikizo la damu ambalo hakuwahi kulipima, na likamletea kiharusi. Umri wake ulikuwa miaka 38. Namshukuru Mungu alipona, lakini mkono wake wa kulia hadi leo haushiki kalamu. Tangazo alilokuwa akiliandika usiku ule lilikuwa la punguzo la bei ya rangi. Mteja alikuja kuliahirisha juma lililofuata.

Msidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Huko Japani liko neno maalumu, karoshi, yaani kifo kinachotokana na kufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1991 kijana wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi katika Dentsu, kampuni kubwa kabisa ya matangazo nchini humo, alijitoa uhai baada ya miezi mingi ya kukesha kazini. Mwaka 2000 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mwajiri ana wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi wake. Mngetegemea kwamba yangeishia hapo. Lakini Desemba 2015, katika kampuni hiyo hiyo, binti mwenye umri huo huo wa miaka 24 naye alijitoa uhai, na mwaka uliofuata maofisa wa kazi walikubali kwamba chanzo kilikuwa kazi kupita kiasi. Mwaka 2017 mahakama mjini Tokyo iliitoza kampuni hiyo faini ya yeni 500,000 kwa kuwafanyisha watu saa za ziada kinyume cha sheria. Serikali ya Japani iliweka mipaka mipya ya saa za ziada iliyoanza kutumika mwaka 2019. Kati ya vifo hivyo viwili ilipita miaka 24.

Aidha, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makisio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Sheria yetu ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inaweka kwa mfanyakazi wa kawaida saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, na mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Wengi wenu hapa mmeajiriwa au mmeajiri, na nina hakika si wengi waliowahi kuisoma. Isomeni.

Shule hii ilitufundisha ukakamavu. Katika mbio za nyika tulifundishwa kwamba mwanamume halii, na aliyeanguka huinuka na kukimbia. Naushukuru ukakamavu huo. Umenivusha mahali pengi. Lakini mbio za nyika zina utepe mwishoni. Kazi ya ofisini haina utepe, kila siku kuna nyika mpya. Anayekimbia humo huku akificha maumivu hasifiwi na mtu, anazikwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo pimeni shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka. Laleni. Usingizi ni sehemu ya kazi, maana kichwa kilichokesha hakioni tarehe iliyokosewa. Simu ya kazi isilale kitandani pamoja nanyi. Na mtu akiona kwamba dunia imekuwa nyeusi, hana hamu ya chakula wala ya watu, na anaanza kufikiri kwamba heri asingekuwapo, asiseme ni uvivu. Amweleze mtu siku hiyo hiyo: mke, ndugu, rafiki, daktari. Hakuna tangazo lolote duniani lenye thamani ya mtu mmoja.

Wadogo zangu, huenda mnasema hayo ni ya wakubwa wenye mishahara. Sivyo. Mtihani wa Kidato cha Nne nao ni siku ya mwisho, na ninyi ni waandishi. Yale manne ni yenu pia. Muulize mwalimu swali linataka nini. Andika jibu baya kwanza, ulirekebishe. Usipolielewa somo la hesabu mwezi wa Pili ukanyamaza, mwezi wa Kumi na Moja halitanyamaza. Na rafiki yako wa bweni asiyekula wala kulala kwa hofu ya mtihani, usimcheke. Mpeleke kwa mwalimu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa pendekezo moja. Tuko hapa watu wa kazi nyingi: madaktari, wahasibu, walimu, wanasheria, mafundi. Chama chetu kinachangisha fedha za madawati na mabati, na ni vyema. Naomba tuchange pia masikio. Kila mwanafunzi anayetoka Kidato cha Sita apewe jina la mmoja wetu anayeweza kumpigia simu katika mwaka wake wa kwanza wa kazi au wa chuo, siku ile anapoona hawezi. Haitatugharimu hata shilingi ya bati moja. Jina langu liandikwe la kwanza katika orodha hiyo.

Kamati ilinipa dakika 20, nami naona saa ya Mkuu wa Shule inanitazama. Mwandishi wa matangazo anayezidisha muda wake hana haki ya kumfundisha mtu juu ya muda.